Rafiki wa Mia Mbili na Ishirini

Sefrou, 2 Novemba 1981

Kwa ndugu yangu Abdelhak,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuarifu kwamba hapa nyumbani sote tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Anakuombea dua kila Ijumaa, na kila Ijumaa anauliza kama umeandika. Namwambia posta ya milimani haiaminiki. Mume wangu Si Larbi anakusalimu. Bado anashona matandiko ya farasi ingawa farasi wenyewe wanapungua. Binti yetu Ghita ametimiza miaka kumi na tano na amenipita kimo. Mimi ni yuleyule, na vifungo vyangu vya hariri vya majalabia, mia kwa mia, mpaka ncha za vidole zimekuwa ngumu.

Najua hatujaandikiana tangu Idi ya mwaka juzi. Sitafuti sababu, nawe usitafute. Nina mambo mawili.

La kwanza la kuchekesha. Jirani yetu Zineb hasemi na mumewe tangu mavuno ya cheri. Kaenda kwa sheikh mmoja mwandika hirizi, kaambiwa aoke mikate miwili, mmoja uchorwe 220, mwingine 284. Mume ale wa kwanza, yeye ale wa pili, na mapenzi yatarudi. Kwa kuwa Zineb hajui kusoma, namba nilichora mimi, naye akakariri kwamba wa kulia kwenye ubao ni wa mume. Sasa unamjua Ba Hmad wa tanuri la mtaa, anayetuokea mikate sote, yeye huitambua kwa alama za nyumba. Kuona namba akadhani kuna nyumba mbili mpya zimehamia, akaiweka kando, akairudisha ubaoni kinyume. Mume kala 284. Zineb analia kwamba hirizi imeharibika. Nikaenda mwenyewe kumwuliza sheikh, kwa nini 220, kwa nini isiwe 221? Akasema ni siri ya wahenga. Mtu akiniambia siri ya wahenga najua hajui. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Nijibu.

La pili. Ghita amepata nafasi ya bweni Fez, mkondo wa hesabu, ambao hapa kwetu haupo. Fomu lazima isainiwe na baba yake kabla ya mwisho wa Machi. Si Larbi hataki. Anasema msichana halali nje ya nyumba ya babake. Wewe ni mjomba, tena msomi. Mwandikie.

Dada yako,
Batul


Errachidia, 19 Novemba 1981

Dada Batul,

Alhamdulillahi barua imefika, ingawa ilikaa siku kumi njiani. Mimi mzima. Huku tende zimevunwa, na upepo wa mchanga umetuachia wiki hii. Wanafunzi wangu ni arobaini na wawili darasani, na chaki ni ya kugawana vipande. Mwambie Mama goti alipake mafuta ya zeituni ya moto. Mwambie pia kwamba Maulidi nitajaribu kuja, kama barabara ya mlimani haitafungwa.

Kuhusu 220, sheikh wako hajui, ila waliomtangulia walijua. Sikupi jibu, nakupa njia. Tafuta namba zote zinazoigawa 220 bila kubaki kitu, kuanzia moja. Yenyewe usiihesabu. Zijumlishe. Kisha fanya vivyo hivyo kwa 284. Ukikwama niandikie.

Msalimie Si Larbi na watoto wa jirani.

Abdelhak


Sefrou, 28 Novemba 1981

Mdogo wangu Abdelhak,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama kapaka mafuta, sasa nyumba nzima inanuka saladi. Si Larbi ana mafua. Ba Hmad kaoa tena, miaka sitini na tisa, na mikate ya mtaa imeungua siku tatu mfululizo.

Nikwame kwa nini? Nilimwaga vifungo 220 kwenye sinia nikavipanga kwa safu. Safu mbili za mia na kumi, safu nne za hamsini na tano, tano za arobaini na nne, kumi za ishirini na mbili, kumi na moja za ishirini. Nilipoona havipangiki tena kwa namna nyingine, nikajumlisha: moja, mbili, nne, tano, kumi, kumi na moja, ishirini, ishirini na mbili, arobaini na nne, hamsini na tano, mia na kumi. Nikapata 284. Nikaenda kwa 284, ambayo ni ngumu kupanga: moja, mbili, nne, sabini na moja, mia arobaini na mbili, basi. Nikajumlisha nikapata 220, Abdelhak. Niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu hadi Ghita akaja kuona nimepatwa na nini. Kila mmoja ametengenezwa kwa vipande vya mwenzake. Sikuwahi kujua namba zina tabia hiyo.

Zineb nimempa fatwa yangu: mume ale 220 au ale 284, hakuna tofauti, kwa sababu njia ni ile ile kwenda na kurudi. Kafuta machozi. Mumewe, kwa taarifa yako, kamletea viatu.

Sasa silali vizuri. Nimejaribu namba nyingine kwenye karatasi za buluu za kufungia sukari. Nyingi ni maskini, vipande vyake havifiki namba yenyewe. Chache ni tajiri, mfano kumi na mbili, ambayo vipande vyake vinaizidi. Sita na ishirini na nane zinajitosheleza zenyewe, hazihitaji mtu. Niambie, kuna marafiki wengine kama hawa wawili? Wa karibu ni nani?

Na sikuona neno lolote kuhusu Ghita. Labda ulisahau. Si Larbi kauliza kama umeandika.

Batul


Errachidia, 20 Desemba 1981

Dada Batul,

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mitihani. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Baridi ya huku asubuhi inakata masikio, na mwenye nyumba wangu ameniuzia kuni mbichi zinazotoa moshi tu.

Nimefurahi kwa vifungo vyako. 220 na 284 ndio wadogo kabisa. Chini yao hakuna. Jozi ya pili iko mbali sana: ni 17,296 na 18,416. Waliijua wanahesabu wa Maghreb, huko Marrakesh, karibu miaka mia saba iliyopita. Kati ya jozi hizi mbili hakuna kitu. Nafundisha hivyo kila mwaka na wanafunzi hupenda kusikia kwamba marafiki wa kweli ni adimu namna hiyo. Kwa hiyo usijisumbue na karatasi za sukari, macho yako yana kazi ya kutosha.

Maulidi sitaweza kuja. Wanasema theluji itafunga njia. Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu.

Abdelhak


Sefrou, 17 Januari 1982

Abdelhak,

Salamu. Mama mzima. Maulidi ilipita, njia ilikuwa wazi, basi la Errachidia lilifika saa nne asubuhi likiwa nusu tupu. Mama alikuwa amekuwekea mguu wa kondoo. Tuliula sisi.

Nianze na la Ghita kwa kuwa wewe hulianzi. Juzi tukinywa chai Si Larbi alisema, “Ndugu yako ni mwalimu. Kama kumpeleka msichana bweni ni jambo jema, mbona mwalimu hasemi neno? Anayejua zaidi yetu kanyamaza, basi ana sababu.” Umeona kimya chako kinavyotumika? Si Larbi si mtu mbaya. Anaogopa maneno ya watu, na anatafuta mtu mmoja wa kumwambia asiogope. Mimi haniamini kwa sababu mimi ni mama, nataka tu. Zimebaki wiki kumi.

Sasa hesabu. Ulisema nisijisumbue, nimejisumbua, maana barua yako ilinikuta nimeshaanza. Mimi na Ghita tulianza na 285 tukapanda moja moja, kama namba kumi na nane kwa siku, yeye akitoka shule na mimi nikishona. Siku hamsini. Si kila namba inahitaji vifungo, baada ya wiki mbili macho yanazoea kuona nani anamgawa nani. Jana tumefika 1184. Wanaoigawa ni hawa: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 37, 74, 148, 296, 592. Jumla 1210. Tukairukia 1210: 1, 2, 5, 10, 11, 22, 55, 110, 121, 242, 605. Jumla 1184.

Ni marafiki, Abdelhak, na wako katikati, pale uliposema hakuna kitu.

Batul


Errachidia, 2 Februari 1982

Dada,

Salamu kwa wote. Nina haraka, wakaguzi wako shuleni. Hiyo jozi yako haiwezekani. Watu wamezitafuta namba hizi miaka elfu, wasingeruka kitu kilicho karibu hivyo. Mtakuwa mmekosea mahali kwenye kujumlisha. Angalieni tena.

Abdelhak


Sefrou, 11 Februari 1982

Hatukukosea. Hesabu wewe.

Batul


Errachidia, 3 Machi 1982

Dada yangu Batul,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Ghita. Sina habari za upepo wala za kuni leo.

Nilihesabu. Nilikaa Ijumaa nzima, nikazihesabu kwa njia tatu, nikitumaini umekosea. Hukukosea. Jumamosi nikaenda kwa mwenzangu mmoja mwenye ensaiklopidia, tukatafuta mpaka tukakuta: jozi hiyo ilitangazwa mwaka 1866 na kijana wa Kitaliano wa miaka kumi na sita. Kabla yake mabingwa wote waliiruka. Kwa hiyo wewe si wa kwanza, umechelewa miaka mia na kumi na sita. Ila yeye hakuwa na vifungo vya kumaliza.

Miaka kumi na minane nimewafundisha watoto kosa. Jumatatu nilisimama mbele yao nikafuta nilichoandika mwaka mzima, nikaandika 1184 na 1210. Wakauliza nani kanisahihisha. Nikasema dada yangu. Msichana mmoja wa mbele akauliza, “Kasomea wapi, mwalimu?” Nikasema nyumbani. Darasa likacheka, walidhani natania. Yeye hakucheka. Akasema, “Mbona wewe umesoma shule na yeye hakusoma?” Nikamwambia afungue daftari. Nikageukia ubao nikavunja chaki, na chaki yenyewe unajua ni ya kugawana.

Karatasi ya pili ni ya Si Larbi. Msomee mbele ya Mama, usiruke mstari hata mmoja.

*

Kwa shemeji yangu Si Larbi,

Assalamu alaykum. Umeuliza kwa nini mwalimu hasemi neno kuhusu Ghita. Una haki ya kuuliza, na hii ndiyo sababu.

Mwaka 1950 mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Batul kumi na miwili, tuko darasa moja. Ilitoka nafasi ya bweni Fez. Baba, Mungu amrehemu, alisema ana uwezo wa kumpeleka mmoja tu, na hatajali ni mvulana au msichana: atakwenda atakayejibu hesabu ya mwalimu. Hesabu ilikuwa hii: ni namba gani iliyo ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia moja mpaka kumi? Mimi nilizidisha zote pamoja nikapata mamilioni, nikajua nimepotea. Batul alikaa na sinia la vifungo vya Mama. Alasiri aliandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakiacha chini ya sinia, kwa sababu ilikuwa zamu yake kupeleka mikate tanurini na unga ulikuwa umeshaumuka.

Nilikiinua. Kiliandikwa 2520. Nikakimbia dukani kwa Baba nikamwambia nimepata. Akanibeba begani sokoni kote. Batul aliporudi na ubao wa mikate kichwani, jogoo alikuwa ameshachinjwa. Alinitazama mara moja tu. Hakusema kitu wakati ule, na hakusema tena mpaka leo.

Kila nikishika kalamu kukwambia kwamba ni haki msichana akasome, nilijiona mwizi anayehubiri. Nikanyamaza, na kimya changu kikageuka tena jiwe la kumfungia mlango msichana wa pili. Sitaki kufanya hivyo mara mbili. Mwache Ghita aende. Akiharibikiwa, njoo unidai mimi. Hata hivyo hataharibikiwa: mtoto aliyezipanda namba na mama yake kutoka 285 mpaka 1184 bila kuchoka hachoshwi na bweni.

Naomba radhi kwako, kwa kuwa umeoa mtu niliyemnyang'anya kitu. Kwake sijui niombe vipi.

Abdelhak


Sefrou, 21 Machi 1982

Ndugu yangu Abdelhak,

Salamu nyingi. Theluji imeyeyuka, mto umejaa mpaka kwenye daraja la chini, na miti ya cheri imeanza kufunguka. Mafua ya Si Larbi yamekwisha. Mke mpya wa Ba Hmad kamwacha, mikate imekuwa mizuri tena.

Nilisoma karatasi yako Ijumaa baada ya kula kuskusi, wote wamekaa. Nilisoma kwa sauti moja mpaka mahali pa jogoo, hapo ikabidi Ghita anipokee. Alipomaliza, Si Larbi akamwambia asome tena pale pa kipande cha karatasi chini ya sinia. Akasoma. Si Larbi akazungusha glasi yake. Kisha akanigeukia: “Miaka yote hii nabishana na wewe hesabu za ngozi, na wewe unaniacha nishinde?” Nikamwambia mara nyingine alikuwa amechoka. Asubuhi yake akavaa jalabia ya Idi akaenda mwenyewe manispaa kuchukua cheti cha kuzaliwa cha Ghita. Fomu imesainiwa Jumatano. Aliwaambia watu wa foleni nzima binti yake anakwenda kusoma nini, hata wasiouliza.

Sasa lililobaki ni la Mama, nalo sikulitarajia.

Hakulia. Alisema, “Baba yenu alijua.” Nikadhani amechanganyikiwa. Akasema usiku ule ule Baba alikuita ukumbini akakwambia umweleze ulivyoipata 2520, ukasema umesahau. Unakumbuka? Akaenda kwa Mama akamwambia, “Si yeye. Ni msichana.” Lakini alikuwa ameshakuzungusha soko zima, na watu walikuwa wameshampa mkono wa pongezi. Akasema, “Nikirudi kesho kuwaambia nimekosea, nitaonekana mtu gani?” Mama akanyamaza naye. Umeubeba huu mzigo miaka thelathini na miwili ukidhani ni wako peke yako.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua kwamba ninayo, Abdelhak, na haikuwa kwako. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye hofu. Niliiona sura yako siku ile, ndiyo maana sikusema. Nilidhani namficha mdogo wangu asichapwe. Kumbe waliokuwa wakubwa walijua, wakaniacha niendelee kupeleka mikate.

Umeuliza uombe vipi. Umeshaomba. Kati ya watatu, wewe ndiye uliyesema bila kulazimishwa, kwa hiyo wewe nimekusamehe. Mama nimemwambia anipe muda. Baba itabidi nizungumze naye kaburini, na yatakuwa marefu.

Njoo mwenyewe. Basi linafika saa nne, na safari hii usiniletee habari za theluji. Nilikuwa na hamu nawe, na hamu ilizidi miaka ile uliyokuwa unaandika kuhusu upepo.

Ghita anauliza jozi inayofuata baada ya 1210 ni ipi. Bila shaka wewe sasa umeshaitafuta kwenye ensaiklopidia. Usimwambie. Alianza tena peke yake wiki mbili zilizopita, ameshafika 1,430 na anaendelea, na akiipata, karatasi ataipeleka kwa mwalimu yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Dada yako,
Batul